Chakula Kisichojua Moto

Kwenye msiba watu husema mengi, na nusu yake ni uzushi mtupu. Juzi nilikwenda Tanga kwenye msiba wa Bi Mkubwa, nikakaa ukumbini kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzangu, mgongo nimeuegemeza ukuta ule ule niliokuwa nikiuegemea nilipokuwa mwari. Wasichana wawili, vitukuu vyake kwa jinsi nilivyokadiria, walikuwa wanachambua mchele huku wakiteta. Mmoja akasema, "Eti bibi aliwahi kula majani mwaka mzima." Mwenzake akamuuliza majani gani. "Majani tu, kama mbuzi. Alikuwa na shetani." Nilijizuia, wallahi nilijizuia, lakini ulimi wangu haujawahi kunitii. "Majani nini!" nikasema. "Ebo! Nani kawaambia majani?" Ukumbi mzima ukanigeukia. Yule msichana akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo bibi," halafu akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikamjibu kwamba mimi ndiye niliyekuwa namlisha. Wakatazamana, wakanihesabu kuwa mzee aliyekwisha kuchanganyikiwa, na mmoja akaniletea maji ya kunywa. Nimerudi nyumbani na hasira hizo kifuani, ndiyo maana nakaa hapa kuandika.

Habari za kwetu Kigombe siziingizi, hazina kazi hapa. Itoshe kusema kwamba niliolewa nikiwa na miaka kama kumi na saba, mke wa pili wa Bwana Omari, fundi cherehani, nikaletwa mjini Tanga kwenye nyumba yake ya mtaa wa Usagara, wakati Mwingereza bado anatawala. Nyumba ilikuwa na ukumbi mmoja mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, jiko uani, na mbele baraza alipoweka Bwana cherehani yake. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Mimi nilikulia miambani. Maji ya bahari yakitoka nakwenda na shangazi zangu kuchokoa pweza na kuokota chaza, narudi jua limenibabua, na jioni nipo shamba. Hapa nikaambiwa kwamba mke wa mtu, mjini, haonekani barabarani. Sokoni atakwenda Bwana, maji ataleta mchota maji, na mimi kazi yangu ni kupika, kujisinga liwa ninukie na kungoja. Kungoja nini? Miguu ilikuwa inaniwasha. Nilikuwa natembea ukumbini, kutoka uani mpaka mlango wa mbele, nageuka, narudi, nakwenda tena, mpaka Bwana anasimamisha cherehani na kuniuliza kwa upole, "Bi Mdogo, umepoteza kitu?" Hakuwa mtu mbaya, hilo nalisema mapema. Alikuwa na mkono safi wa kushona, sauti yake haikupanda, na alitaka wakeze wakae ndani, basi.

Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa mkewe wa kwanza. Jina lake Mwanahamisi, mwanamke wa makamo, mrefu, watoto wake wote wamekwisha kuoa na kuolewa wakaondoka. Alinipokea vizuri mno, na uzuri ule ulinitia hofu. Alinipa doti ya kanga, akaniambia, "Karibu mwanangu, nyumba yako hii," kisha akaingia chumbani kwake na asile. Kesho yake hakula. Nikipika wali anasema unanuka moshi. Nikipika samaki wa kupaka anasema kichwa kinamgonga. Wiki ya pili akapandisha pepo, pale pale uani mbele ya jiko, anatetemeka na kunguruma kwa sauti nzito ya kiume. Bwana akaenda kumwita fundi wa pepo.

Wasioijua mila hii wataniona mshirikina, shauri lao. Kwetu pwani pepo akimpanda mtu, mtu yule huitwa kiti, na anayesema ni pepo, kiti hakina lake. Pepo huulizwa jina, huulizwa kwao wapi, huulizwa anataka nini, halafu watu humbembeleza apunguze, vile vile wanavyobembeleza bei sokoni. Yale ambayo mke hawezi kumwambia mumewe, pepo huyasema mbele za watu, na mume hana budi kuyasikiliza tena kwa heshima. Basi ngoma ikapigwa uani baada ya alasiri. Fundi alikuwa mwanamke mnene wa Kidigo, jasho linamtiririka, anaimba na kuuliza, anauliza na kuimba, mpaka pepo akaitika. Akasema yeye ni mtu wa bahari, kwao chini hakuna moto, na kiti chake kinanuka moshi, hawezi kukikalia. Kwa hiyo kiti kisile kitu kilichoguswa na moto mwaka mzima.

Bwana Omari akapiga magoti, kofia mkononi. "Tumesikia, bwana wetu. Lakini mwaka ni mwingi. Iwe mwezi."

"Mwaka."

"Basi miezi mitatu, bwana wetu, tafadhali."

"Mwaka! Na kitalishwa kwa mkono wa bibi harusi, si mkono mwingine. Na kilicholiwa leo kisirudi mpaka Ijumaa ipite. Kikirudi kabla, bibi harusi naye arudi kwao."

Wanawake wakaguna. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Bwana akatazama chini, akafikiri, akasema, "Lakini huyu yuko ndani, bwana wetu. Vitu hivyo atavipata wapi?" Bi Mkubwa alikuwa amefumba macho, kanga imemshuka begani. Kisha ile sauti nzito ikasema neno moja tu. "Atatoka."

Nililia siku ile mpaka kope zikavimba. Kurudishwa kwetu hata hina haijafutika! Ningeuficha wapi uso wangu, na watu wa Kigombe nawajua midomo yao? Ndivyo nilivyoingia katika mwaka ule, mtu wa kuhukumiwa na tumbo la mke mwenzangu. Lakini sitajifanya: katikati ya kilio changu, lile neno "atatoka" lilikuwa limenikaa sikioni na nilikuwa nalirudia moyoni. Kesho yake asubuhi Bwana akanikabidhi kikapu, akanitazama nikijifunga buibui, akasema, "Nenda, urudi." Nilipokanyaga barabara nilikaribia kukimbia.

Kazi niliiona rahisi. Ilikuwa kiangazi, embe zimejaa mpaka zinaozea chini, na kulikuwa na mapapai, ndizi, mastafeli, mabungo, madafu. Kila siku tunda lake, nani atashindwa? Bi Mkubwa alikuwa anakaa kwenye mkeka chumbani kwake, miguu ameikunja upande, kitanda cha samadari nyuma yake, na mimi naweka sahani mbele yake na kukaa mlangoni kungoja. Anakula kimya, ananawa, ananirudishia sahani. Haikuchukua muda akaisukuma. "Tamu," akasema. "Jana tamu, juzi tamu, leo tamu. Mimi mtoto wa kunyamazishwa?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kubadilisha tunda si kubadilisha chakula. Mtu anataka chumvi, anataka ukali, anataka kitu cha kutafuna na kitu cha kuteleza, anataka mafuta. Nikaanza kumkatia embe changa kwa chumvi na pilipili. Nikamkunia nazi nikakamua tui zito nikamwagia matango na vitunguu. Nikatia ndimu chumvini, nikaziweka juani juu ya paa la banda la kuku mpaka zikalainika zikawa achari. Kila siku nilipokuwa naweka sahani, yeye anautazama uso wangu kwanza kabla ya kutazama chakula.

Mabishano nayo hayakukosekana. Fundi wa pepo aliitwa mara kwa mara kuja kukata shauri. Jua ni moto au si moto? Akasema jua hata watu wa bahari wanalijua, kwa hiyo ng'onda, samaki mkavu wa juani, ni halali yake, na chumvi pia. Sukari je? Imechemshwa kiwandani, hapana, atafune muwa. Asali? Warina asali hutumia moshi kuwafukuza nyuki, na moshi umetoka wapi kama si motoni? Hapana. Chai, kahawa, mkate, vyote hapana, hilo halikuhitaji fundi. Muuza kahawa alipopita jioni akigonganisha vikombe vyake, Bi Mkubwa aligeukia ukutani na kuvuta kanga mpaka puani. Nilimwonea huruma na kumwogopa kwa wakati mmoja. Sikujua bado kama ananitesa au anajitesa.

Siku moja nilipata kipande kizuri cha nguru. Nusu yake nikaikata vipande vyembamba, nikavitia ndimu na chumvi kutoa shombo, nia yangu nivianike viwe ng'onda. Mvua ikanyesha. Nikaviacha bakulini mpaka adhuhuri, na nilipofunua, lo! vyote vimekuwa vyeupe na vimekakamaa. Nikaonja kimoja. Nikaonja na cha pili. Nikatia tui, kitunguu na pilipili mbichi, nikapeleka mbio. Bi Mkubwa akatia kidole, akakitazama kile kipande, uso ukambadilika.

"Wee mtoto. Huyu samaki kapita motoni."

"Hakupita, Bi Mkubwa."

"Nimepika samaki kabla mama yako hajaolewa! Nyama mbichi ina maji, inaonekana hadi ndani. Hii nyeupe pe! Unataka pepo aniue?" Akapaza sauti, "Omari! Bwana! Njoo uone nilivyotendwa!"

Cherehani ikanyamaza barazani. Bwana akaja, akainama, akabonyeza samaki kwa ncha ya kidole, akasema polepole, "Mh. Kaiva huyu." Majirani wawili nao wakaingia kupitia uani bila kuitwa, kanga vichwani, wanataka kuona. Niliona kikapu changu, barabara yangu, kila kitu kinaondoka, na ninarudi Kigombe na jina la mwongo. Hasira zikanishika. "Haya!" nikasema. "Nusu ya samaki ipo jikoni, mbichi. Nileteeni hapa hapa, na ndimu, na mtu asitoke!" Nikakata mbele yao, nikakamua ndimu mbele yao, nikaweka bakuli katikati ya mkeka. Tukakaa. Bwana akavua kofia, akaivaa. Jirani mmoja akapiga miayo. Mimi kwapa zilikuwa zimelowa, maana lile la kwanza lilitokea kwa bahati na sikuwa na hakika kama litatokea tena. Muda ukapita. Halafu kingo za vipande zikaanza kupauka, kisha weupe ukaingia ndani taratibu huku sote tumekodoa macho. "Subhanallah," akasema Bwana. Bi Mkubwa akachukua kipande kimoja, akatafuna, akachukua cha pili, akavuta bakuli zima upande wake. Jirani hakuweza kujizuia, akauliza, "Na pepo anasemaje, shoga?" Bi Mkubwa akajibu mdomo umejaa, "Pepo anasema aongeze pilipili." Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo.

Kuanzia siku ile mambo yakageuka, ingawa hakuna aliyeyasema. Ramadhani iliangukia masika mwaka ule, barabara matope matupu, matunda yamekauka sokoni, na jioni mtaa mzima unanuka sambusa na maandazi. Bi Mkubwa alifuturu kwa tende na maji, kisha anangoja mkono wangu. Nikamrowekea mchele usiku kucha, nikautwanga na nazi, tende na iliki, nikaufinyanga viduara. Nikaroweka choroko nizitwange nazo, nikazisahau ndani ya kitambaa, na nilipozikumbuka zimeota vimikia vyeupe. Nilidhani nimeharibu, nikakaa chini jikoni nikalia kwa uchovu, kisha kwa kukosa la kufanya nikazitia ndimu, chumvi na nazi. Alipozitafuna zikawa zinalia mdomoni. "Hizi ni nini?" "Choroko, Bi Mkubwa." "Choroko hizi hizi?" Akatikisa kichwa. Tangu hapo niliotesha dengu, nikaotesha mtama, nikaotesha kila mbegu niliyoiona mpaka Bwana akasema tutaamka tumefunikwa na msitu.

Lakini nilianza kugundua jambo. Chakula alikuwa anakila polepole, polepole mno, anakiviringisha mdomoni ili kisiishe, na katikati anauliza, "Umemwona nani leo?" Mwanzo nilijibu kwa mkato. Baadaye nikazoea kumpa yote: wauza samaki waliotukanana, mama mmoja aliyepima nazi kwa kuzigonga kichwani mwa mumewe, mbuzi aliyekula kofia ya mtu, harusi iliyopita na tarumbeta. Aliuliza mpaka rangi za kanga. Aliuliza mtaa fulani siku hizi una nyumba ngapi za bati. Kumbe hakuwa amekwenda sokoni tangu yeye mwenyewe aletwe pale mwari. Yeye kutoka kwake ni kwenye arusi na misiba, kajifunika, katikati ya wanawake wenzake, anakwenda na kurudi. Nikimtazama akisikiliza, na sahani mapajani, nilikuwa napata uchungu ambao sikuwa na pa kuuweka.

Vitu vya Tanga vilipoanza kuniishia Bwana alikubali, kwa kuguna, niende Muheza kwa treni ya asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo. Hebu fikiria! Nilikaa dirishani, Pongwe ikapita, mkonge ukapita mistari kwa mistari, na mimi moyo unaimba. Muheza ndiko nilikomkuta Mama Eliza. Alikuwa Mshambaa, Mlutheri, mjane. Mumewe alifanya kazi mashamba ya mkonge mpaka akafia huko, na yeye hakurudi milimani, akashika biashara ya matunda. Machungwa alikuwa nayo ya kupanda juu yake, na ndugu zake wa Lushoto walimletea karoti, kabichi na mapeasi. Aliniona ninavyonusa na kuuma kila kitu, akacheka. "Wee mama wa Tanga, una mimba au una wazimu?" Nikamweleza habari ya pepo. Hakuniamini, lakini alinichagulia karoti changa, akanionyesha jinsi ya kukwangua kabichi mpaka iwe laini na kuiminya kwa chumvi. Nikawa naenda kila wiki. Nilikaa naye kwenye gunia, nikamsaidia kuuza, na niligundua kwamba nina mdomo wa kuuza. Siku moja akaniambia, anafuta chungwa kwa kanga yake, "Machungwa ninayo, mtu wa kunipelekea Tanga sina. Wewe una miguu na una mdomo. Ungekuja ukakaa kwangu tukashirikiana." Nikamwambia, "Mimi mke wa mtu, Mama Eliza." Akasema, "Najua. Nimekwambia tu."

Amekwambia tu! Sikulala vizuri tena. Nikiwa nyumbani nawaza Muheza, nikiwa Muheza nawaza treni ya kurudi. Nikaanza kuvunja vikombe. Mwaka uliobaki ulikuwa unapungua, na mimi niliyeuanza kwa kuomba uishe nikawa naomba usogee taratibu. Kisha alasiri moja nikiwa nimejilaza chumbani nikawasikia Bwana na Bi Mkubwa wakizungumza ukumbini, mlango wangu uko wazi kidogo.

"Mwezi ujao mwaka unatimia, alhamdulillahi," alisema Bwana. "Bi Mdogo ataingia ndani sasa, atulie. Watu wanaanza kusema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba mke wangu anajulikana na makuli wa stesheni kwa jina."

Halafu nikamsikia Bi Mkubwa, "Atulie. Kama mimi."

"Kama wewe," akasema Bwana, na alikuwa anamsifu.

Nililala pale nimekazia macho ukuta wa jirani nje ya dirisha, nikaona wazi kabisa kwamba siwezi. Sikumchukia Bwana. Sikuwa na mtu mwingine moyoni, kama watu walivyokuja kusema baadaye. Siwezi tu. Lakini mwanamke wa wakati ule kusimama akadai talaka na mumewe hajampiga wala hajamnyima, toba! Angeambiwa kalogwa. Ndipo nikakumbuka sharti. Kikirudi chakula kabla ya Ijumaa, bibi harusi arudi kwao. Nikirudishwa na pepo, nani atanilaumu? Baba atanung'unika, fundi atathibitisha, na mimi nitapita katikati ya maneno yao na kutokea upande wa pili. Jumatatu nikampelekea Bi Mkubwa matango. Jumanne nikampelekea matango.

Aliitazama sahani. Akanitazama mimi. Akala yote, akanawa, akasema, "Leo umeyakata vizuri." Jumatano nikapeleka tena, na safari hii nililitua bakuli chini kwa kishindo.

"Haya ni matango, Bi Mkubwa."

"Naona."

"Jana yalikuwa matango. Na juzi."

"Macho ninayo, mwanangu."

"Basi mwite Bwana! Mwambie pepo amekasirika."

Akachukua kipande, akatafuna bila haraka. "Pepo hajakasirika," akasema. Machozi yakanitoka kwa hasira, nikamuuliza kwa nini ananifanyia hivi. Sauti yake ikawa ndogo. "Ukiondoka nani atanihadithia?" Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda mama yeyote, na nilitaka kutoka mle ndani kuliko kitu chochote duniani. Akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Unataka nikufukuze mimi, uondoke huna lako. Sikufukuzi. Ukitaka kwenda, una kinywa. Kaseme."

"Nitasemaje? Mwanamke gani anadai talaka kwa kinywa chake?"

"Basi kaa."

Ulimi wangu, nimekwisha kuwaambieni habari zake. Ukauliza jambo ambalo mtu haulizwi kamwe, si na rafiki wala na mtoto wake wa kumzaa. "Na wewe, Bi Mkubwa? Siku ile hukuwa na kinywa? Mbona ulimwachia pepo aseme?" Mkono wake ukasimama hewani na kipande cha tango. Nilidhani atanipiga kofi. Akakirudisha bakulini, akaliweka bakuli pembeni, akasema, "Toka." Nikatoka.

Sikurudi chumbani kwangu. Nilitembea ukumbini kama nilivyokuwa natembea mwanzo, ila safari hii sikugeukia mlangoni. Bwana alikuwa anashona mkono wa kanzu. Nikasimama pale barazani mchana kweupe, bila buibui, nikasema, "Bwana, naomba unipe talaka yangu." Gurudumu la cherehani likasimama.

"Nani amekufundisha maneno hayo?"

"Hakuna, Bwana."

"Umelala njaa hapa? Nimekuinulia mkono?"

"Hukunikosea lolote. Mimi siwezi kukaa ndani. Nikifikiri mwaka kesho nimo mle chumbani pumzi zinanikata. Naomba uniache." Maneno yalitoka yote. Bwana akaitazama ile kanzu, akaikunja vizuri, akaiweka mapajani. Alikuwa amezoea kwa muda ule wote kwamba jambo kubwa katika nyumba ile lina mwenyewe. Akageukia ukumbini akaita, "Bi Mkubwa! Njoo hapa. Huyu anataka aachwe. Pepo wako anasemaje?"

Nikasikia ndara zake zinakuja polepole. Hakuishia nyuma ya pazia, mahali alipozoea kusimama anapozungumza na Bwana aliye nje. Alilipita. Akatoka mpaka barazani, kanga tu mabegani, mwanamume mmoja anayepita na baiskeli akageuza shingo kumtazama. Nilikuwa nangoja ile sauti nzito ya mtu wa bahari. Haikuja.

"Leo hakuna pepo, Omari," akasema. Wake wa wakati ule hawakuwaita waume zao majina hivyo mbele za watu. Yeye mara ya mwisho nilipomsikia akimwita hivyo alikuwa anapiga kelele za hofu. Sasa alikuwa ametulia. "Ni mimi. Mwanahamisi ndiye anayesema. Mpe mtoto talaka yake aende zake."

Bwana alimtazama muda mrefu, mpaka nikaona aibu kuwapo kati yao. Kisha akamuuliza, na nadhani alikuwa hajawahi kumuuliza mtu hivyo maisha yake yote, "Na wewe unataka nini, Mwanahamisi?"

"Siku atakayoondoka nataka kumsindikiza stesheni."

Talaka niliipata wiki ile. Eda nilikaa mle mle katika chumba changu cha nyuma, kama sheria inavyotaka, na nilikaa ndani kweli kweli kuliko siku zote za ndoa. Mwaka wa pepo ukatimia katikati, watu wakala pilau, Bi Mkubwa akala kidogo akasema lina mafuta mengi. Eda ilipokwisha nilifunga vitu vyangu asubuhi, treni ya Muheza ikiwa inaningoja. Bwana akatuaga akiwa kwenye cherehani, hakuinua uso. Bi Mkubwa akajifunga buibui lake la arusi na misiba, akachukua kikapu changu akakitia mkononi mwake, akashuka baraza. Nikamwambia anipe kikapu nimwongoze, maana mitaa hii haijui. Akasema nimwache. Kila njia panda alisimama, akatazama huku na huku, akachagua. Mara mbili tulipotea. Treni ilikaribia kuniacha, lakini sikusema neno, nikamfuata nyuma.